Pumu kwa watoto wa shule za vijijini: kinachoileta, kinachoiamsha na kinachoifanya iue

Kuna kauli mbili utakazozisikia kwa watu walewale, tena pengine katika mazungumzo yaleyale. Ya kwanza: pumu ni ugonjwa wa mjini, mtoto aliyelelewa shambani kwenye hewa safi haupati. Ya pili: huyu mtoto kifua chake kimeharibiwa na vumbi la shuleni na moshi wa jikoni. Kwa namna zinavyosemwa, haziwezi kuwa kweli zote mbili. Hata hivyo kila moja imeshika kipande cha ukweli, ndiyo maana ubishi hauishi. Mmoja anamtaja jirani mwenye watoto saba waliokulia zizini na hakuna hata mmoja aliyewahi kubanwa kifua. Mwingine anamtaja mwanafunzi aliyefia njiani akikimbizwa zahanati.

Nadhani tatizo ni kwamba maswali matatu yanajibiwa kana kwamba ni swali moja. Ni nini kinamfanya mtoto awe na pumu? Akiwa nayo tayari, ni nini kinaiamsha leo na si jana? Na ikishaamka, ni nini kinachoamua kama atakuwa amerudi darasani baada ya nusu saa au atazikwa? Kijiji kina jibu tofauti kwa kila swali. Kwa la kwanza mara nyingi kinamsaidia mtoto. Kwa la pili kinampa huku na kumnyima kule. Kwa la tatu kinamwangusha, na hilo la tatu ndilo linalozungumzwa kidogo kuliko yote.

Tuanze na ugonjwa wenyewe

Pumu ni ugonjwa wa muda mrefu wa njia za hewa, yaani mirija inayopeleka pumzi ndani ya mapafu. Kwa mwenye pumu, kuta za mirija hiyo zina uvimbe mdogo usioisha, hata siku anayojiona mzima kabisa. Ikichokozwa, misuli inayoizunguka hujikaza, kuta huvimba zaidi na makohozi mazito hujaa ndani. Hewa huingia kwa taabu na kutoka kwa taabu zaidi, ndipo mluzi husikika kifuani.

Kinachoitambulisha ni tabia yake ya kuja na kuondoka. Mtoto anakohoa usiku na alfajiri, mchana anacheza. Wiki hii amebanwa, wiki ijayo huwezi kuamini kwamba aliugua. Kikohozi cha kifua kikuu hakimpi mtu likizo za namna hiyo. Nimonia nayo huja na homa na haisubiri zamu ya usiku. Pumu pia haiambukizi. Kinachoambukiza ni mafua yaliyoiamsha, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtenga mtoto na wenzake wala kumpa kikombe chake peke yake.

Sasa kihatarishi. Hili ni jambo linaloongeza uwezekano wa mtu kuugua, bila kumaanisha kwamba lazima ataugua. Fikiria kona kali barabarani. Magari mengi huipita kila siku salama, na mengine hupinduka mahali paliponyooka kabisa. Lakini ukihesabu ajali za mwaka mzima utakuta nyingi zimetokea konani, na hakuna mhandisi atakayeiondolea lawama kona hiyo kwa sababu tu mjomba wako ameipita miaka ishirini bila mkwaruzo. Kihatarishi huonekana katika kundi la watoto wengi. Kwa mtoto mmoja mmoja hakionekani, ndiyo maana watoto saba wa jirani hawathibitishi chochote kuhusu zizi.

Kichochezi ni kitu kingine. Chenyewe humkuta mtoto ambaye tayari ana pumu na kuiamsha siku hiyo: mafua, mbio, vumbi, moshi, baridi ya alfajiri. Kitu kimoja chaweza kuwa vyote viwili. Moshi wa sigara huongeza uwezekano wa mtoto mchanga kupata pumu baadaye, na humbana kifua mkubwa aliye nayo. Baridi, kwa upande wake, haimpi mtu pumu, wala mbio hazimpi. Mzazi anayesema "alipata pumu kwenye mashindano ya riadha" ameona kweli tukio, ila alichokiona ni pumu iliyokuwepo ikijitokeza.

Je, kijiji kinalinda?

Kwa miaka mingi jibu la watafiti lilikuwa ndiyo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1991 nchini Zimbabwe, watoto wa shule walipimwa pumzi, wakakimbizwa dakika chache, kisha wakapimwa tena, kwa sababu mirija yenye pumu hubana baada ya mbio. Katika eneo la wenye uwezo kaskazini mwa Harare, asilimia 5.8 walibanwa. Katika eneo la mjini lenye msongamano ilikuwa asilimia 3.1. Katika wilaya ya kijijini ya Wedza ilikuwa asilimia 0.1, yaani kama mtoto 1 kati ya 1000.

Mwaka 1998 yakachapishwa matokeo ya Kenya, yaliyopatikana kwa njia inayofanana na hiyo. Asilimia 22.9 ya watoto wa Nairobi pumzi yao ilishuka baada ya mbio, na Murang'a kijijini ilikuwa asilimia 13.2. Mizani ya tafiti hizi mbili haikuwa moja, kwa hiyo usiilinganishe Nairobi na Harare. Linganisha kila mji na kijiji chake. Mjini kulikuwa juu kote kuwili. Ila asilimia 13.2 haina ukaribu wowote na "watoto wa shamba hawapati pumu". Nchini Ghana, watafiti waliowapima watoto wa Kumasi na vijiji vya jirani mwaka 1993 na tena 2003 waliona waliobanwa baada ya mbio wakipanda kutoka asilimia 3.1 hadi 5.2, na ongezeko hilo lilionekana mjini na vijijini. Kinga ya kijiji, kama ipo, si ya kudumu.

Ni kinga ya nini basi? Mwaka 1989 Mwingereza David Strachan alichapisha uchambuzi wa watoto zaidi ya 17,000 waliozaliwa mwaka 1958 na kufuatiliwa hadi ukubwani. Aliona kwamba kadiri mtoto alivyokuwa na ndugu wengi, hasa waliomtangulia, ndivyo alivyokuwa na uwezekano mdogo wa kupata mafua ya mzio. Alikisia kwamba maambukizi madogomadogo ya utotoni, yaletwayo nyumbani na kaka na dada, huifunza kinga ya mwili isishtuke ovyo. Mzio ndio huo mshtuko: mwili kupigana na kitu kisicho adui, kama chavua ya maua, kinyesi cha vijidudu vya vumbi au manyoya ya paka. Pumu nyingi za utotoni zimejengwa juu ya mzio.

Wazo hilo lilipofika mitaani likageuka kuwa "uchafu unakinga". Hapo limepotoshwa. Kuhara kunakotokana na maji machafu huua watoto na hakumkingi yeyote dhidi ya pumu. Hata uchafu wa hewa hauingii humo. Baada ya Ujerumani kuungana, Erika von Mutius na wenzake waliwalinganisha watoto wa Mashariki, ambako hewa ilijaa moshi wa makaa ya mawe, na wa Munich, Magharibi. Walitarajia pumu itakuwa nyingi Mashariki. Wakakuta mkamba, yaani uvimbe wa mirija wenye kikohozi na makohozi, ni mwingi Mashariki kweli, lakini mzio na pumu vikiwa vingi zaidi Magharibi. Yaani hewa chafu ilikuwa inawakoholesha watoto bila kuwapa ugonjwa uliotegemewa. Kikohozi kirefu na pumu si kitu kimoja, na makosa mengi ya uchunguzi vijijini huanzia hapo.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote katika suala hili ulichapishwa mwaka 2016. Waamish wa Indiana na Wahutterite wa South Dakota, nchini Marekani, ni jamii mbili za wakulima zenye asili ya Ulaya ya kati, zinazokaribiana sana kinasaba na kimaisha: familia kubwa, chakula cha namna moja, chanjo, uvutaji mdogo wa sigara, hakuna mbwa na paka wanaolala ndani. Wote wako shambani. Hata hivyo miongoni mwa watoto wa shule wa Kiamish pumu ilikuwa asilimia 5.2, na kwa Wahutterite asilimia 21.3. Tofauti iliyojitokeza ni namna ya kulima na kufuga. Waamish hufuga kwa mikono, kila familia na ng'ombe wake, zizi liko karibu na nyumba na watoto hucheza humo tangu wadogo. Wahutterite wana mashamba makubwa ya mashine, mbali na makazi, na watoto hawayafikii. Vumbi lililokusanywa katika nyumba za Waamish lilikuwa na mabaki ya bakteria mara 6.8 zaidi. Watafiti walipowapulizia panya vumbi hilo puani, liliwakinga wasipate pumu ya majaribio. Vumbi la Wahutterite halikuwakinga.

Ukichoka na yote, kumbuka hilo moja. Kuwa shambani hakutoshi. Hao wote walikuwa shambani. Kinachoonekana kulinda ni mtoto mchanga kukutana mapema na kila siku na vijidudu vya aina nyingi vya mifugo. Mtoto wa mfanyakazi wa shamba kubwa la zao moja, asiye na ng'ombe, aliyezungukwa na mashine na dawa za kunyunyizia, ana anwani ya kijijini tu. Huko Iowa, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta asilimia 44.1 ya watoto wanaoishi kwenye mashamba ya nguruwe wana angalau dalili au kiashiria kimoja cha pumu. Ufugaji wa kiwanda nao ni shamba.

Na minyoo? Swali hili huulizwa sana kwa sababu minyoo hutuliza kinga ya mwili ili isifukuzwe. Tafiti zilipojumlishwa pamoja zilionyesha kwamba wenye minyoo ya safura walikuwa na pumu kidogo, lakini wenye minyoo mirefu ya mviringo walikuwa nayo zaidi. Minyoo ni jina moja la viumbe tofauti. Wapo waliokwenda mbali: mwaka 2010 watafiti wa Nottingham, Uingereza, walichapisha jaribio ambamo wagonjwa wa pumu waliambukizwa safura makusudi. Hawakupata nafuu ya maana. Safura inamaliza damu na akili ya mtoto darasani; dawa ya minyoo inayogawiwa shuleni anywe tu.

Yanayomweka mtoto hatarini

Kihatarishi kizito kuliko vyote hakina kijiji wala mji: wazazi. Mtoto ambaye mama au baba ana pumu au mzio yuko hatarini zaidi, na zaidi kama ni wote wawili. Lakini hata pacha wanaofanana kabisa, mmoja huweza kuwa nayo na mwingine asiwe nayo, kwa hiyo kurithi si hukumu. Ukurutu wa ngozi katika miaka ya mwanzo, au mafua yasiyoisha yenye chafya na macho kuwasha, ni ishara kwamba mwili huo una mwelekeo wa mzio.

Kisha yanakuja ya kabla na baada ya kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo ana mirija membamba tangu mwanzo. Mama aliyevuta sigara akiwa mjamzito amempunguzia mtoto mapafu kabla hajavuta pumzi yake ya kwanza. Katika miaka miwili ya mwanzo, maambukizi makali ya virusi yanayomfanya mtoto apumue kwa mluzi hadi alazwe huacha uwezekano mkubwa wa pumu baadaye. Wataalamu bado wanabishana kama virusi ndivyo vilivyoharibu mapafu au vilifichua mapafu yaliyokuwa dhaifu tayari.

Ubishi wa aina hiyo una mfano maarufu. ISAAC, utafiti wa kimataifa ulioanza mwaka 1991 na kuwauliza wazazi na watoto wa miaka 6 hadi 7 na 13 hadi 14 duniani kote, ulionyesha mwaka 2008 kwamba waliopewa parasetamoli katika mwaka wa kwanza wa maisha walikuwa na dalili nyingi zaidi za pumu. Habari ikasambaa kwamba parasetamoli inaleta pumu. Lakini nani hupewa parasetamoli mara kwa mara? Mtoto anayeugua kifua mara kwa mara. Dawa inaweza kuwa imemfuata mgonjwa, haikumtangulia. Na jaribio la mwaka 2016, lililowagawa kwa bahati nasibu watoto wadogo wenye pumu watumie parasetamoli au ibuprofeni, halikuona tofauti ya mashambulizi. Uchambuzi mwingine wowote wa vihatarishi unaousoma, huu ukiwemo, uulize swali hilohilo.

Moshi wa kuni unastahili nafasi yake. Kwamba huchangia nimonia kwa wadogo na kuharibu mapafu ya watu wazima, ushahidi ni mzito. Kwamba huanzisha pumu, ushahidi unayumba kidogo, ingawa uchambuzi wa takwimu za ISAAC wa mwaka 2013 uliwakuta watoto wa nyumba zinazopikia moto wa wazi wakiwa na dalili zaidi. Kwa kuiamsha pumu iliyopo hakuna mjadala. Binti anayekaa jikoni na mama yake huvuta moshi kuliko kaka yake aliye nje, na jiko lililo ndani ya chumba cha kulala ni baya kuliko lililo nje chini ya paa lililo wazi pande zote. Kuhusu majiko sanifu, niseme wazi kwamba matangazo yamezidi matokeo. Jaribio kubwa vijijini Malawi, lililochapishwa mwaka 2016 na kuhusisha watoto zaidi ya 10,000, halikuona nimonia ikipungua kwa waliopewa majiko yanayochoma kuni vizuri zaidi. Nyumba iliyobadilisha jiko bado inachoma takataka uani, bado ina mvutaji wa sigara, bado jirani anachoma mabua. Pafu halijui moshi umetoka jiko gani.

Nyumba yenyewe pia. Ukuta wenye unyevu unaoota ukungu huhusishwa na pumu karibu kila ulikochunguzwa. Godoro la zamani lenye unyevunyevu ni makazi ya vijidudu vya vumbi visivyoonekana kwa macho, vinavyoishi kwa kula ngozi inayopukutika mwilini mwetu. Kinyesi chao ni kati ya vizio, yaani vitu viletavyo mzio, vikubwa duniani. Mende nao wamo.

Viuatilifu vinazungumzwa kidogo mno kwa kitu kinachonyunyizwa karibu na madarasa. Katika bonde la Salinas, California, mradi uitwao CHAMACOS umewafuatilia watoto wa vibarua wa mashambani tangu tumboni. Mwaka 2017 uliripoti kwamba salfa inayonyunyizwa karibu na makazi iliambatana na dalili nyingi zaidi za pumu na nguvu ndogo ya mapafu kwa watoto wa miaka 7. Salfa huonwa kuwa dawa ya upole, hata wakulima wasiotumia kemikali za viwandani huruhusiwa kuitumia. Viuatilifu vikali zaidi vya jamii ya oganofosfeti vilihusishwa na dalili za upumuaji katika mradi huohuo. Siku ya kupuliza na ratiba ya shule zinaweza kupangwa zisigongane, tena bila gharama yoyote.

Shuleni ndiko inakoamka

Kichochezi kikubwa cha pumu kwa mtoto wa shule ni mafua ya kawaida. Nchini Kanada, kulazwa kwa watoto wenye pumu hufikia kilele kila Septemba, kama wiki mbili na nusu baada ya shule kufunguliwa, kwa sababu watoto wamekutana tena na kubadilishana virusi. Mahali popote shule inapofunguliwa, wiki chache za mwanzo ni za kuwa macho, hasa kwenye mabweni ambako vitanda vimebanana. Mtoto aliyeacha dawa yake ya kila siku wakati wa likizo kwa sababu alijisikia vizuri ndiye wa kwanza kuanguka.

Vumbi la uwanja, kufagia darasa bila kunyunyiza maji, kifutio cha chaki kinachopigwa dirishani, moshi wa jiko la shule unaorudishwa darasani na upepo: hivi vyote ni vichochezi, na vyote vinatibika kwa busara ndogo. Mtoto mwenye pumu asipewe zamu ya kufagia wala ya kupika. Hilo si upendeleo.

Mbio ni jambo jingine. Wengi humkataza mtoto kucheza kabisa, na hapo wanakosea. Mapafu yaliyozoezwa hustahimili zaidi, na mtoto mwenye pumu iliyotibiwa vizuri anaweza kukimbia kama wenzake. Wapo wanamichezo wa Olimpiki wenye pumu. Kinachotakiwa ni kupasha mwili taratibu na, kama daktari ameagiza, kuvuta dawa kabla. Kama kila akikimbia anabanwa, hiyo ni taarifa kwamba matibabu hayatoshi. Kumkalisha kivulini kunaficha taarifa hiyo.

Swali la tatu

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu na 455,000 walikufa kwayo, wengi wao katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati-chini. Nchi hizo hazina pumu nyingi kuliko tajiri. Zina vifo vingi. Hapa ndipo anwani ya kijijini inapogeuka kuwa hatari yenyewe.

Kosa la kwanza ni la jina. Mtoto anafika zahanati akihema, anaandikiwa nimonia, anapewa antibayotiki. Baada ya siku kadhaa amepata nafuu, kwa sababu pumu huja na kuondoka, na sifa inakwenda kwa antibayotiki. Mwezi ujao tena. Mtoto aliyetibiwa nimonia mara tatu au nne kwa mwaka, bila homa kali, mwenye kikohozi cha usiku, anastahili kuulizwa kuhusu pumu. Mzazi anaweza kuliuliza swali hilo mwenyewe bila kumvunjia mganga heshima.

Kosa la pili ni la dawa. Ziko za aina mbili. Ya kutuliza, kama salbutamoli, hulegeza misuli ya mirija ndani ya dakika chache na kuisha nguvu baada ya saa kadhaa. Ya kuzuia, ambayo ni steroidi ya kuvuta, hupunguza ule uvimbe usioisha. Haitoi raha ya papo hapo na lazima itumike hata siku nzuri. Kijijini mara nyingi inapatikana ya kwanza tu, tena ya vidonge au ya maji, ambayo huchelewa kufanya kazi na hutetemesha mikono. Na si kijijini tu. Ukaguzi wa kitaifa wa vifo vya pumu Uingereza, uliotolewa mwaka 2014, ulikuta asilimia 39 ya waliokufa miongoni mwa waliokuwa wakitumia dawa ya kutuliza walikuwa wameandikiwa zaidi ya inhela (vifaa vya kuvutia dawa mdomoni) 12 za aina hiyo katika mwaka wao wa mwisho. Walikuwa wakiutuliza moto unaoendelea kuwaka chini. Katika ukaguzi huohuo, asilimia 45 walikufa kabla ya kuomba msaada au kabla msaada haujawafikia, na hao ni watu wenye ambulansi na lami. Weka badala yake mto uliojaa maji na pikipiki moja ya kukodi.

Watu huogopa inhela kwamba inazoesha, kwamba ni ya wagonjwa mahututi, kwamba moyo utachoka. Inhela haizoeshi. Anayeitumia kila siku anaitumia kwa sababu ugonjwa ni wa kila siku. Dozi ya kuvuta ni ndogo kuliko ya kidonge kwa kuwa inakwenda moja kwa moja mahali pa ugonjwa. Steroidi ya kuvuta ya muda mrefu huweza kumpunguzia mtoto urefu wa ukubwani kwa kama sentimita moja. Ni vyema mzazi alijue hilo kutoka kwa mhudumu wake kabla hajalisikia likitiwa chumvi kwingine.

Watoto wengi hukosea kuvuta, dawa ikaishia ulimini. Kibweta cha plastiki kinachowekwa kati ya inhela na mdomo hutatua hilo, na kinaweza kutengenezwa. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitako kwa umbo la mdomo wa inhela na kuzibwa pembeni isivuje, ilifanya kazi sawa na kifaa cha kiwandani kwa watoto waliobanwa. Ioshwe kwa maji ya sabuni na kuachwa ikauke yenyewe bila kufutwa. Shule isiyo na nesi inaweza kuwa na chupa mbili za namna hiyo kabatini, inhela ya salbutamoli isiyopitwa na tarehe, na walimu wawili wanaojua kuitumia. Kabati hilo lisifungwe kwa ufunguo anaotembea nao mtu mmoja.

Mtoto akibanwa, akae wima, akiegemea mbele kidogo. Asilazwe, asizungukwe, asilazimishwe kunywa maji. Puliza dawa mara moja kwenye chupa, avute pumzi nne au tano za kawaida, kisha puliza tena. Miongozo mingi huruhusu kati ya mara 4 na 10 kwa awamu ya kwanza. Kama hawezi kumaliza sentensi, kama ngozi inaingia ndani katikati ya mbavu, kama midomo imebadilika rangi au anasinzia, gari litafutwe hapohapo huku dawa ikiendelea. Na mluzi ukikoma ghafla ilhali bado anahangaika kuhema, msishukuru. Kifua kilichonyamaza hivyo maana yake hewa haipiti tena ya kutosha hata kutoa sauti, na huyo ndiye aliye hatarini kuliko yule anayesikika hadi darasa la jirani.